Alipie kozi ya "data center", chuo kikuu, au ufundi wa umeme? Jibu kwa baba mmoja wa Lubumbashi

Swali: "Mama injenia, jambo yako. Mimi ni baba wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi. Nilifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, mpaka 2003. Mtoto wangu wa mwisho amepata diploma ya serikali, seksio ya umeme. Mpwa wangu aliye Marekani anasema kule wanajenga majengo makubwa ya kutunza data na mafundi umeme hawatoshi, na kwamba hata kwetu yatakuja. Kijana mwenyewe anataka universite, asome informatiki. Tena kuna watu hapa mjini wanafundisha 'teknisiani wa data center' kwa miezi mitatu na wanaomba dola nyingi. Pesa niliyo nayo inatosha njia moja tu. Nifanye nini?"

Baba, jambo sana. Nianze na jibu lenyewe, maana wenye kozi hawatakungoja: usiwalipe. Mpeleke kijana akasome umeme wa viwandani mahali penye karakana ya kweli, kisha aingie kwenye shantie (mahali pa ujenzi) za migodi chini ya fundi mkubwa. Kituo cha data kikijengwa Lubumbashi, ataingia kwa mlango huo. Kisipojengwa, kazi atakuwa nayo. Habari ya informatiki nitaifikia, kwa kuwa sitaki kijana aone nimemkatia njia bila kumsikiliza.

Mpwa wako anasema kweli. Katika wilaya ya Loudoun, jimbo la Virginia, kuna mkusanyiko wa majengo ya data ambao hauna mfano duniani. Abilene, Texas, kunajengwa kituo cha kwanza cha Stargate, mradi mkubwa wa akili bandia uliotangazwa Januari 2025. Mwishoni mwa 2024 Meta, kampuni yenye Facebook, ilitangaza kituo cha dola bilioni 10 katika Richland Parish, Louisiana, sehemu ya mashamba. Miradi hii yote inagombania watu walewale: mafundi umeme, mafundi wa mabomba, wachomeleaji na mafundi baridi, yaani wa mashine za kupoza. Ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani inaonyesha kwamba mwaka 2024 nusu ya mafundi umeme wa nchi ile walipata zaidi ya dola 62,350 kwa mwaka, na inatazamia nafasi za kazi hiyo ziongezeke kwa asilimia 9 kufikia 2034.

Ila fundi umeme wa kule hutengenezwa kwa miaka 4 au 5 ya uanagenzi, mchana kwenye shantie na jioni darasani, halafu majimbo mengi humdai leseni kabla hajagusa tablo (sanduku la kugawia umeme) peke yake. Kutoka komini ya Kenya mpaka Texas hakuna njia ya mkato. Mtu akikujia na maneno kwamba ana kontra ya data center Marekani na kilichobaki ni pesa ya dosie tu, mfungie mlango. Nimeona familia zikiuza kiwanja kwa maneno kama hayo.

Katika tangazo lile la Louisiana kuna hesabu ambayo ningependa uiweke moyoni kuliko ile ya mishahara. Meta yenyewe ilisema shantie ikifika kilele itakuwa na wafanyakazi wapatao 5,000, na kituo kikishaanza kazi zitabaki ajira zipatazo 500. Kazi kubwa iko kwenye ujenzi. Jengo likikamilika, watu tisa katika kumi wanafunga vyombo na kutafuta shantie nyingine. Aliyejifunza kebo, transfo na mabomba ya baridi anaondoka na ujuzi wake kwenda kiwandani, hospitalini, mgodini. Aliyejifunza jina la jengo anabaki langoni.

Tuje kwetu. Kinshasa tayari kuna vituo vya data vya kibiashara, kama cha Raxio na cha OADC Texaf. Ni vya megawati chache tu, wakati vile vya Marekani sasa vinahesabiwa kwa mamia ya megawati, na vingine vinapita elfu. Hapa Lubumbashi tuna vyumba vya sava, zile kompyuta zinazotunza data: vya mabenki, vya kampuni za simu, vya ofisi za migodi. Sababu za kupata kitu kikubwa zaidi zipo. Faiba inatufikia kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa, na nyingine kutoka Kinshasa. Tuna LUBIX, mahali ambapo mitandao ya mji inakutana ili ujumbe wa mtu wa Kamalondo kwa mtu wa Ruashi usizunguke ng'ambo kwanza. Tangu Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya numeriki (code du numérique) inayogusa data za watu, na wenye data wameanza kujiuliza waziweke wapi. Wateja wakubwa wako hapa, na ni migodi.

Kinachorudisha nyuma ni umeme, na wewe uliyefanya kazi Gécamines huhitaji kuelezwa. Ile laini ya umeme kutoka bwawa la Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, ilianza kazi 1982 kwa ajili ya migodi, na mpaka leo migodi ndiyo inayotangulia kula. Nayo haishibi: inanunua umeme wa Zambia na inawasha jenereta. Atakayejenga kituo cha data hapa atajua tangu siku ya kwanza kwamba waya wa SNEL, kampuni ya umeme ya serikali, peke yake hautamtosha. Atajenga kabini yake (chumba cha kupokelea umeme mkubwa), ataweka jenereta zake, betri zake, labda na sola. Kwa mwekezaji hiyo ni gharama chungu. Kwa fundi umeme maana yake ni kwamba kwa kila kabati moja la sava, Lubumbashi itadai kazi ya umeme nyingi kuliko mji usiokatikiwa.

Na hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu watu wengi wanaposikia "data" wanamuona kijana wa miwani mbele ya kompyuta. Ukiliondolea jina lake, lile jengo ni ghala la mashine zinazokula umeme usiku na mchana na kutoa joto usiku na mchana. Ukiacha bei ya sava zenyewe, zaidi ya nusu ya pesa ya ujenzi inaingia kwenye umeme na baridi. Waashi na watu wa chuma wanatangulia, wanamaliza, wanatoka. Halafu wanaingia mafundi umeme na mafundi baridi, na hao ndio wanaokaa miezi.

Fuata umeme wenyewe uone. Unaingia kwenye kabini ukiwa na maelfu ya volti, transfo inaushusha mpaka volti 400, unafika tablo kuu. Kutoka pale unapita kwenye onduleri, zile mashine zenye betri zinazoshika mzigo papo hapo waya wa nje ukikatika. Betri zinapewa dakika chache tu za kazi, zitoshe jenereta kuwaka na kutulia. Kisha umeme unaenda kwenye makabati ya sava kwa njia mbili, A na B, ambazo hazipaswi kukutana popote, wala kwenye tablo moja wala kwenye mfereji mmoja wa kebo. Kituo kinachojengwa kwa daraja la Tier III la Uptime Institute, taasisi inayopanga madaraja ya vituo vya data, kinadaiwa jambo hili: kifaa chochote kiweze kuzimwa na kutengenezwa bila sava hata moja kuzimika. Sentensi ni fupi, lakini kwa mvuta kebo ina maana ya kila kitu mara mbili, na kila kebo na jina lake, lililoandikwa miisho yote miwili sawasawa na kwenye plani.

Kila kebo nene inaishia kwenye bolti. Bolti ikilegea kidogo, pale mahali panapata moto, ganda la kebo linaungua polepole, na siku moja tablo inawaka. Ndiyo maana kwenye shantie hizi bolti inakazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji, inapigwa alama ya rangi, na aliyeikaza anaandika jina lake kwenye karatasi. Mafundi wetu wengi hukaza kwa mkono na uzoefu. Mikono yao ni mizuri, nawajua. Lakini mwenye jengo hanunui mkono, ananunua karatasi inayomthibitishia kwamba bolti mia tano zote zimekazwa kwa kipimo kimoja.

Kebo za volteji ya kati, zile za maelfu ya volti, zina mtihani mgumu zaidi. Kumenya kebo ya namna hiyo na kuitengenezea kichwa chake ni kazi ya subira: kisu kikichora mkwaruzo mdogo kwenye ganda la ndani, umeme utatafuta ule mkwaruzo mpaka uupasue, pengine baada ya mwaka. Watu wanaoiweza vizuri hapa Katanga wanajulikana kwa majina, na migodi inaazimana. Kama mwanao atapata mmoja wao akubali kumfundisha, hata kwa kumbebea sanduku la vyombo mwanzoni, hiyo ni bahati kuliko cheti chochote.

Halafu kuna mambo ya mahali petu ambayo kitabu cha kigeni hakitamwambia. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi zaidi, jenereta ya dizeli inapoteza sehemu ya nguvu yake, na transfo na vifaa vingi vya volteji ya kati vinatoka kiwandani vikiwa vimehesabiwa kwa kimo kisichozidi mita 1,000. Mtu akinunua jenereta kwa kusoma kibandiko tu, siku ya mzigo kamili ataona aibu. Udongo nao: Januari ardhi ina maji na kipimo cha waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme uliopotea udongoni, kinaonekana kizuri; ukipima Agosti, udongo umekauka, namba ya ukinzani imepanda. Fundi mwaminifu hupima mwishoni mwa kiangazi. Na mvua za Novemba mpaka Machi zinakuja na radi, kwa hiyo vizuia radi na waya wa ardhi ndio vinavyoamua kama sava zitaamka salama. Ongeza vumbi jekundu la barabara za migodi linaloziba vichujio vya baridi kuanzia Mei. Anayejua haya kwa kuyaishi anamfaa mwekezaji yeyote, na hajatoka Johannesburg wala Shenzhen.

Baridi nitaipitia kwa ufupi, si kwa sababu ni ndogo. Kama kijana wako angekuwa na ndugu, ningesema huyo ndugu asome baridi, maana mafundi baridi wanaojua mashine kubwa ni wachache hata kuliko mafundi umeme. Vyumba vya sava vya kwetu bado vinapozwa kwa hewa. Vile vya akili bandia huko Marekani vimekwisha kupita hapo: kabati moja la Nvidia, kampuni ya chipu za akili bandia, la aina ya GB200 NVL72 linakula kilowati 120 hivi, na maji yanapelekwa kwa mabomba mpaka kwenye mashine zenyewe. Ndiyo maana mchomeleaji anayeweza kuunga bomba la chuma kisichoshika kutu, likapimwa kwa presha lisivuje, anagombaniwa sasa kama fundi umeme.

Sasa kitu ninachokiona kuwa kiini cha swali lako, ingawa hukukiuliza: kwa nini wakati wa kujaribu mitambo wanaletwa watu kutoka nje? Nimekaa kwenye mikutano ambamo kampuni ya kigeni ilisema wazi kwamba kwa kuvuta kebo itachukua vijana wa hapa, na kwa majaribio italeta timu yake. Iliniuma, na bado inaniuma, kwa sababu majaribio ndiyo yanayolipwa vizuri na ndiyo yanayoacha ujuzi.

Majaribio yenyewe ni haya. Kwanza kila kifaa peke yake: ganda la kebo linapimwa kwa megoma (chombo kinachoonyesha kama linavujisha umeme), bolti zinapigwa picha ya joto, kila kizuizi cha umeme kinajaribiwa kama kinakata kwa wakati wake. Halafu kila mfumo: jenereta inawashwa, onduleri inapewa mzigo. Kwa kuwa sava bado hazijafika, zinaletwa hita kubwa zenye mafeni zinazokula umeme mahali pa sava. Mwishoni wanakata umeme wa nje kwa makusudi, jengo zima likiwa na mzigo, na kila mtu anasimama mahali pake na saa mkononi. Betri zishike. Jenereta ziwake. Baridi irudi kabla ya joto kupanda. Wanarudia wakizima njia A, kisha njia B, kisha jenereta moja ikijifanya imekufa. Kila hatua imeandikwa kabla ya kufanywa, na kila matokeo yanaandikwa hapohapo.

Kazi hii haihitaji muujiza wala diploma ya Ulaya. Inahitaji mtu anayesoma plani ya laini moja, mchoro wa njia nzima ya umeme, bila kubahatisha, anayefuata utaratibu wa kuzima na kufunga kwa kufuli kabla ya kugusa, anayejua kutumia vyombo vya kupimia, na anayeandika ripoti ambayo mtu mwingine ataielewa mwaka kesho. Vijana wetu wa seksio ya umeme wana nusu ya haya. Nusu ya pili ilikuwa inafundishwa na kampuni kubwa. Wewe unaijua Gécamines yenye karakana zake, wasimamizi wake na ngazi zake, ambapo mtu hakupewa tablo mpaka mkubwa wake ameridhika. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines walipoondoka katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, walitoka pia walimu wa kazi wa kizazi kizima, na mahali pao hapakujengwa kitu cha ukubwa ule. Pengo hilo ndilo tunaloliona leo kampuni inapoomba mafundi watano wa majaribio na mji wa mamilioni ya watu ukakosa kuwatoa.

Sheria ipo. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inahifadhi kandarasi ndogo za sekta binafsi kwa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongomani, na mamlaka ya serikali iitwayo ARSP iliundwa kuisimamia. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini sheria inafungulia kampuni mlango. Ndani ya kampuni, tajiri wa Kikongomani naye atatafuta mtu wa kuweka sahihi kwenye karatasi ya majaribio, na asipompata hapa atamkodi Afrika Kusini. Wenye kampuni za hapa, kama mnasoma haya: chukueni vijana wawili kila mwaka, wawekeni nyuma ya timu ya majaribio, walipeni hata kama hawajazalisha. Bila hivyo mtavuta kebo milele.

Kwa hiyo kwa nini nasema migodi, wakati umeuliza habari za data? Kwa sababu migodi ya Katanga inahitaji leo kilekile ambacho kituo cha data kitahitaji kesho. Kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, chenye uwezo wa tani 500,000 kwa mwaka, kimewekewa mfumo wa betri wa megawati 60 ili umeme ukikatika tanuru lisigande. Ni ile kazi ya onduleri, kwa ukubwa unaozidi kituo chochote cha data cha nchi hii. Bwawa la umeme la Mwadingusha, lililoanza 1930, lilikarabatiwa likarudi na megawati 70 hivi. Bwawa la Busanga ni jipya kabisa, megawati 240. Mgodi wa Kipushi, ulioanza tena 2024, una pampu na mafeni chini ya ardhi ambayo hayaruhusiwi kulala. Mtu aliyefunga na kujaribu vitu hivyo hatahitaji kujieleza sana kwa mwenye sava.

Nami sikufichi ubaya wa njia hii. Kijana ataanza kwa kazi ya siku kwa siku, kontra za miezi mitatu, basi la alfajiri, na mara nyingine malipo yanayochelewa. Atakuta shantie ambazo mitambo na plani zake zimeandikwa Kichina au Kiingereza, wakati yeye amesoma kwa Kifaransa. Alama za umeme kwenye plani zinafanana sana, kwa hiyo azijue alama barabara, na ajifunze Kiingereza cha kazi taratibu, ukurasa kwa ukurasa wa vitabu vya mitambo. Na ajue kukataa. Mkubwa akimwambia aguse tablo yenye umeme ndani kwa kuwa muda hautoshi, aseme hapana, hata kama kazi itaishia pale. Naandika hili kama mama.

Informatiki sasa. Kijana hajakosea kuipenda. Kituo cha data kinahitaji watu wa mitandao, na nchi inawahitaji. Ila universite itakula pesa yako yote kwa miaka, na vijana wenye shahada ya informatiki wanaotafuta kazi mjini unawaona mwenyewe. Fundi umeme wa viwandani anayeelewa pia mitandao ni mtu adimu sana: mitambo ya leo yote, kuanzia jenereta mpaka mashine ya baridi, inazungumza na kompyuta ya usimamizi, na mahali umeme unapokutana na mtandao ndipo wengi wanapopotea. Aanze na umeme, apate mshahara, kisha jioni asome mitandao na programu za kuendeshea mitambo. Kuunga faiba na kuipima pia ni kazi inayofundishika kwa wiki, ikiwa mkono umetulia, na kampuni za simu zinaitafuta sasa hivi. Akitaka baadaye kuingia polytechnique ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ataingia akiwa na pesa yake na akijua anachokitafuta. Mwambie hivyo kwa maneno yako, asione kwamba umemchagulia jembe badala ya kalamu.

Kuhusu ile kozi ya miezi mitatu, kabla hujaamini mimi, nenda kawaulize mambo haya mbele ya kijana. Mna kabini au tablo ya mafunzo ambayo mwanafunzi ataifunga na kuifungua kwa mikono yake? Mna onduleri na jenereta anazoweza kuziwasha? Nani anafundisha, na amefanya kazi kwenye shantie gani? Cheti chenu kinatambuliwa na nani nje ya mlango huu? Waliomaliza mwaka jana wako wapi, na naweza kuongea nao wawili? Wakikuonyesha chumba chenye projekta na viti, umepata jibu. Kama wana karakana ya kweli, ni habari njema kwa mji wetu, na mwanao anaweza kurudi kwao baada ya miaka miwili ya kazi, wakati kozi hiyo itakuwa na kitu cha kushikia.

Mahali pa kuanzia ni INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoko tangu 1964, ambayo Japani iliisaidia kujenga hapa Lubumbashi. Mlango wa pili ni kwa Wasalesiani, Salama na Cité des Jeunes. Hata kama kijana alisoma kwingine, karakana zao na walimu wao wanajua ni kampuni gani inachukua watu wa staji, yaani mazoezi ya kazini. Nendeni asubuhi, wewe na yeye, na yeye ndiye aongee. Aulize habari za umeme wa viwandani, otomatiki na volteji ya kati, na aulize staji inapatikana namna gani, maana mafunzo bila staji yatamrudisha nyumbani na karatasi tu.

Pesa itakayobaki, mnunulie viatu vya shantie, glovu za umeme zenye kipimo kilichoandikwa, kofia, na daftari gumu. Kwenye daftari aandike kila kazi aliyoifanya: tarehe, mahali, kifaa gani, kipimo gani alipata, nani alimsimamia, na amwombe huyo msimamizi aweke sahihi. Baada ya miaka miwili, daftari lile litaongea mbele ya kampuni yoyote. Multimeta asinunue ile ya bei ya chini kabisa pale sokoni. Itazame nyuma: kama haijaandikwa CAT III au CAT IV, isiguse tablo ya volti 400, kwa sababu kosa dogo likitokea inaweza kupasuka mkononi. Kama pesa haitoshi kununua nzuri, aazime ya karakana mpaka mshahara wa kwanza.